Mboji ya shule: mwongozo kamili kwa klabu ambayo rundo lake limekataa kuoza

Walimu walezi wa klabu za mazingira hurudi na maswali yaleyale matatu. Mbona rundo linanuka? Mbona wiki zinapita na maganda bado yako vilevile? Mbona tulipotoka likizo tulikuta jaa?

Mawili ya kwanza majibu yake ni mafupi: maji, hewa, na uwiano wa kikavu (kama majani makavu) na kibichi (kama maganda ya jikoni). La tatu ndilo linaloua miradi mingi, nalo halina sayansi ndani yake. Linahusu ni nani anayeshika uma siku ya Alhamisi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na watu na ndoo, ndipo ufike kwenye rundo. Usiruke hatua mbili za kwanza hata kama mikono inakuwasha kuanza kuchimba.

Ukizifuata hatua zote, tarajia mboji iliyoiva baada ya miezi mitatu hadi sita, na ujazo wake utakuwa chini ya nusu ya ule mlioanza nao. Waambie wanafunzi mapema kwamba rundo litasinyaa, la sivyo watadhani limeibwa.

## Mnachohitaji

- Ndoo mbili au tatu zenye mifuniko, za kukusanyia mabaki ya jikoni na ya vyakula
- Mizani yoyote inayoweza kupima ndoo iliyojaa
- Uma wa shambani, beleshi, reki na panga
- Toroli, au magunia imara ya kubebea majani
- Mbao, fito au waya wa kujengea masanduku mawili, kila moja likiwa na upana, urefu na kimo cha mita 1
- Turubai au magunia ya kufunikia
- Kipimajoto chenye mkono mrefu. Kikikosekana, nondo ya nusu mita au zaidi
- Chekeche lenye matundu ya karibu sentimita 1
- Glavu, viatu vya kufunika vidole, maji na sabuni
- Daftari moja la jalada gumu, lisilotoka eneo la kazi

Dawa za "kuharakisha mboji" zinazouzwa kwenye pakiti sizipendekezi. Bakteria na kuvu mnaowahitaji tayari wako kwenye majani na udongo. Beleshi moja la mboji ya zamani, au la udongo wa juu wenye rutuba, linatosha kuwa chachu.

## Hatua ya 1: Pimeni taka kabla ya kujenga chochote

Kwa siku tano za masomo, kusanyeni taka zote za shule na kuzigawa katika mafungu manne: vinavyooza, karatasi na kadibodi, plastiki na chupa, na vinginevyo. Pimeni kila fungu kwa kilo, muandike.

Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike makisio yake: fungu gani litakuwa zito kuliko yote? Wengi hutaja plastiki kwa sababu ndiyo inayoonekana ikipeperuka uwanjani. Mizani ndiyo itakayowajibu. Mwanafunzi aliyekisia na kukosea huikumbuka namba hiyo kuliko yule aliyesomewa ubaoni.

Mnahitaji majibu ya maswali mawili. Mna kilo ngapi za vibichi kwa wiki? Na kikavu, yaani majani makavu, maranda na kadibodi, kitapatikana wapi na kwa wingi gani? Ukubwa wa mradi utaamuliwa na hilo la pili.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa miongozo hulikwepa. Kama fungu la vinavyooza limejaa chakula kizima kilichorudi mezani, msikimbilie mboji. Zungumzeni kwanza na wapishi kuhusu kiasi kinachopakuliwa. Chakula hicho kimeshakula maji, mbolea, mafuta na jasho la watu, na kukigeuza mboji kunarudisha sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Mboji ni ya maganda, makapi na masalio yasiyoepukika.

## Hatua ya 2: Gaweni kazi kwa majina na kwa siku

Kazi ni nne: kuleta ndoo kutoka jikoni, kulinda akiba ya kikavu, kupima joto na unyevu, na kugeuza. Kila kazi iwe na watu wawili, mmoja wa darasa la juu na mmoja wa darasa la chini. Wa juu akihitimu, ujuzi unabaki na mwenzake. Klabu zilizompa kijana mmoja hodari kazi zote huzikwa siku anapomaliza shule.

Majina na siku viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Aongezwe mtu mzima mmoja asiyekwenda likizo, kama mtunza bustani au mlinzi, na aombwe kwa heshima kabla likizo haijafika. Kazi yake ni ndogo: kutazama kama turubai lipo mahali pake, na kumwagia rundo maji likikauka.

Msianze rundo jipya kama likizo ndefu iko chini ya wiki nane. Rundo changa linahitaji mikono kuliko rundo kongwe.

Onyo: mboji isiwe adhabu. Mkosaji akipelekwa kugeuza rundo, kesho hakuna atakayetaka kuonekana karibu nalo, na klabu imekwisha.

## Hatua ya 3: Tenganisheni taka pale zinapozaliwa

Taka zikishachanganyika, hakuna anayezichambua kwa furaha. Utengano ufanyike jikoni na mahali pa kulia.

Wekeni ndoo ya mboji sambamba na pipa la taka nyingine, daima viwili pamoja. Ndoo ya mboji ikikaa peke yake itajaa chupa, kwa sababu mtu mwenye chupa mkononi hatembei kutafuta pipa jingine. Badala ya maandishi, bandikeni juu ya kila chombo vitu vyenyewe: ganda kavu, jani na kipande cha kadibodi upande mmoja, kifuniko cha chupa na pakiti upande wa pili.

Vinavyokubalika: maganda na makapi ya matunda na mboga, majani ya chai, masalio ya kahawa, maganda ya mayai yaliyopondwa, nyasi, magugu yasiyo na mbegu, karatasi na kadibodi isiyong'aa.

Vinavyokataliwa: nyama, samaki, mifupa, maziwa na mafuta, kwa sababu ya panya na harufu. Kinyesi cha mbwa, paka au binadamu, kwa sababu ya magonjwa. Mimea yenye ugonjwa, na magugu yanayochipua kutokana na vipande vya mizizi. Vumbi la mbao zilizopakwa rangi au dawa. Majivu ya kuni ni kidogo sana tu: yana nguvu ya chokaa na hufukuza nitrojeni ikapotea hewani kama amonia.

Vifuko vya chai vichanwe, majani yatolewe, vifuko vitupwe, maana vingi vimeunganishwa kwa plastiki. Vibandiko vidogo vya kwenye matunda vibanduliwe. Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza nayo msiitie: mingi huhitaji joto la kiwandani linalodumu kwa wiki nyingi, jambo ambalo rundo la shule haliwezi.

## Hatua ya 4: Chagueni mahali na mjenge masanduku

Tafuteni mahali tambarare, penye kivuli cha sehemu ya siku, pasipotuama maji, mbali na kisima na kijito. Pawe karibu na jikoni kiasi kwamba mtoto anaweza kubeba ndoo bila kupumzika njiani. Pakiwa nyuma kabisa ya uwanja, ndoo zitaishia vichakani.

Rundo likae juu ya udongo, lisikae juu ya saruji, ili maji ya ziada yashuke na minyoo ipande. Kuta ziwe na nafasi za kupitisha hewa. Mkitumia mbao za paleti, yaani majukwaa ya kubebea mizigo, angalieni muhuri: HT maana yake zilipashwa joto, hizo ni salama. MB maana yake zilifukizwa kwa sumu ya methili bromidi. Hizo acheni.

Kwa nini mita 1 kila upande? Likiwa dogo kuliko hapo, joto linalozalishwa katikati hupotea kabla halijajikusanya. Likizidi mita 1.5 kwenda juu, uzito wake hukandamiza tabaka za chini na kuzinyima hewa. Sanduku la pili ni la kugeuzia, kwa hiyo msilijaze kwa tamaa.

## Hatua ya 5: Wekeni akiba ya kikavu kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi sitaki kulipitia haraka.

Viumbe wanaoozesha hula kaboni ili wapate nguvu, na nitrojeni ili wajenge miili yao. Hufanya kazi vizuri panapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Mabaki ya jikoni yana takriban 15 hadi 20 kwa 1, samadi ya ng'ombe karibu 20, kinyesi cha kuku 10 au chini ya hapo. Hivi ndivyo tunavyoviita kibichi. Majani makavu yana 40 hadi 80, na vumbi la mbao hupita 200 kwa urahisi. Hivyo ndivyo kikavu.

Kibichi peke yake kina nitrojeni ya kupita kiasi na maji mengi. Hulala chini kama uji na kuziba hewa. Hewa ikiisha, bakteria wasiohitaji oksijeni hushika kazi, na hao ndio wanaotoa harufu ya mayai viza pamoja na methani. Methani huipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Rundo linalonuka basi linafanya kwa udogo kilekile ambacho dampo linafanya kwa ukubwa, na klabu haina cha kujivunia.

Kipimo cha kazi ni rahisi: kwa kila ndoo 1 ya kibichi, ndoo 2 hadi 3 za kikavu kwa ujazo. Vumbi la mbao na maranda yawe kidogo, yachanganywe na majani. Yakiwa peke yake hayana nitrojeni ya kutosha, na vumbi hushikamana likaziba hewa.

Majani huanguka kwa msimu wakati jikoni hupika kila siku. Kusanyeni magunia ya majani yanapokuwa mengi, muyafunike yasiloe. Sheria ya klabu iandikwe ukutani: kikavu kikiisha, ndoo za jikoni zinasimama. Mlinzi wa kikavu awe na mamlaka ya kukataa, hata kwa mwalimu.

## Hatua ya 6: Pangeni rundo

Katakateni kwanza. Vipande vya sentimita 3 hadi 5 huoza haraka kuliko ganda zima, lakini msivisage, kwani uji hauna hewa. Kazi ya panga ifanywe na mtu mzima au mwanafunzi mkubwa.

1. Chini kabisa, tabaka la vijiti na matawi membamba la sentimita 15, ili hewa iingie kutokea chini.
2. Juu yake kikavu, sentimita 15 hadi 20.
3. Kibichi, sentimita 5 hadi 8, kisambazwe mpaka kwenye pembe.
4. Tupieni beleshi moja la mboji ya zamani au udongo, mnyunyize maji.
5. Rudieni mpaka rundo lifike mita 1, na tabaka la mwisho liwe kikavu.

Jaribuni kujenga rundo zima ndani ya siku moja au mbili. Linalojazwa ndoo moja leo na nyingine Jumatatu litaoza pia, ila polepole na bila kupata joto. Mkiwa na kibichi kidogo, zikeni kila ndoo katikati ya kikavu, msubiri hadi mwaka. Hilo si kosa, ni njia nyingine tu, lakini msitarajie joto la Hatua ya 8.

Kibichi kisionekane kamwe. Ganda linaloonekana ni mwaliko kwa nzi.

## Hatua ya 7: Maji kwa kipimo cha kiganja

Chota konzi moja kutoka ndani ya rundo, ikamue kwa nguvu zako zote. Likitoka tone moja au mawili, unyevu ni sawa, yaani takriban asilimia 50 hadi 60. Maji yakitiririka, ongeza kikavu na ugeuze. Yasipotoka hata tone na konzi ikasambaratika, mwagia maji huku ukigeuza. Ukimwaga juu tu, yatatafuta njia yake na kuteremka hadi chini huku katikati pakibaki pakavu.

Turubai lifunike rundo wakati wa mvua na wakati wa jua kali, ila lisibane pande zote.

## Hatua ya 8: Joto na kugeuza

Pimeni katikati ya rundo kila siku kwa saa ileile. Wanaotumia nondo waichomeke ndani kwa dakika kumi, kisha waiguse kwa uangalifu. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, mko vizuri.

Rundo lililojengwa sawasawa huanza kupanda ndani ya siku mbili au tatu, na mnalitaka lifike nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Katika joto hilo mbegu nyingi za magugu na viini vingi vya magonjwa hufa. Likikaribia nyuzi 70, ligeuzeni hata kama siku yake haijafika, kwa kuwa hata viumbe mnaowahitaji wanaanza kufa.

Andikeni joto kwenye daftari na mchore grafu ukutani. Ukiuliza darasa joto hili linatoka wapi na moto haupo, utapata somo zima la upumuaji wa viumbe hai bila kufungua kitabu.

Kugeuza hufanyika joto linapoanza kushuka, mara nyingi baada ya siku tano hadi saba. Hamishieni rundo sanduku la pili: kilichokuwa nje kiende ndani, cha ndani kije nje. Joto litapanda tena, halafu litashuka. Endeleeni hivyo mpaka mgeuze na joto lisipande.

Usalama: mwagieni rundo maji kabla ya kugeuza, kwani vumbi lake lina mbegu za kuvu. Mwenye pumu au kikohozi cha kudumu apewe daftari, asipewe uma. Kidonda kifunikwe, glavu zivaliwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

### Likikorofisha

Harufu ya mayai viza: hewa imekosekana. Geuzeni leo, muongeze kikavu kigumu kama vijiti.

Harufu kali inayochoma pua ni amonia, maana yake kibichi kimezidi. Ongezeni majani makavu au kadibodi iliyochanwa.

Halipati joto kabisa: angalieni kwanza unyevu kwa kiganja, kisha ukubwa, kisha ongezeni kibichi. Kwa mpangilio huo. Wengi huongeza samadi kwenye rundo ambalo shida yake ni ukavu tu.

Funza wanene wa kijivu au hudhurungi mara nyingi ni wa nzi askari mweusi. Hawadhuru, wanakula haraka kuliko sisi tunavyoleta. Funikeni zaidi kama wanawaogofya watoto. Panya ni habari nyingine: mtu ametia nyama au chakula chenye mafuta, rudini kwenye Hatua ya 3.

## Hatua ya 9: Pumzisheni, kisha mjaribu

Mboji iliyopoa haijaiva. Iacheni ikae mwezi mmoja hadi miwili, na unyevu kidogo, bila kugeuzwa. Hapa kuvu na minyoo humalizia sehemu ngumu. Ikitiwa shambani mapema itanyang'anya mimea nitrojeni, na miche itageuka njano huku mkidhani inahitaji maji.

Iliyoiva ni nyeusi au hudhurungi, inavunjikavunjika, ina harufu ya udongo baada ya mvua, na huwezi kutambua ganda wala jani. Pitisheni kwenye chekeche. Mabonge na vijiti virudi kwenye rundo jipya vikawe chachu.

Kwa uhakika zaidi, tieni konzi kadhaa zenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, mfunge, muuache siku tatu. Mkifungua na kukuta harufu mbaya, bado inaoza. Ipeni wiki chache tena.

## Hatua ya 10: Itumieni, baada ya kuwauliza maharagwe

Kwenye matuta, tandazeni sentimita 2 hadi 5 na kuchanganya na udongo wa juu. Kwenye vyungu na mifuko ya miche, mboji isizidi theluthi moja ya mchanganyiko. Mboji tupu huwa na chumvi nyingi kwa mizizi michanga.

Kama kwenye rundo kuliingia samadi au nyasi kavu kutoka nje ya shule, fanyeni jaribio moja kwanza. Baadhi ya viuagugu, hasa klopiralidi na aminopiralidi, hupita ndani ya tumbo la ng'ombe na ndani ya joto la mboji bila kuvunjika. Pandeni maharagwe kwenye vyungu vitatu vyenye theluthi ya mboji yenu, na vitatu vyenye udongo uleule usio na mboji. Mwagilieni sawa, vikae kwenye mwanga sawa, na mtazame kwa wiki tatu hadi nne.

Majani yakitoka bapa na sawa pande zote mbili, mboji ni salama kwa bustani nzima. Yakijikunja kama kikombe na mashina yakajipinda upande wa mboji tu, msiitie kwenye maharagwe, njegere, nyanya wala viazi. Itandazeni kwenye nyasi za uwanja, ambazo viuagugu hivyo havizidhuru, nyasi hizo zisirudi kwenye rundo lijalo, na mumtafute aliyewaletea samadi mumuulize ng'ombe wake walilishwa nyasi za wapi.